Mfinyanzi Hupatikana Jumamosi

Je, mtu ana haki ya kutumia kitu ambacho hajakielewa? Ukilisikia swali hili juu juu utadhani ni la kizembe, la watu wenye muda wa kupoteza kijiweni. Lakini hebu lishike vizuri, ndugu msomaji, uligeuze na upande wa pili. Utaona lina meno. Ninaliweka mbele yako kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kitu kidogo mno, kisichoonekana hata kwa darubini ya shule: tabia ya chembe za ndani ya kiini cha atomu kupenda kushikana mbilimbili. Ya pili ni ziwa. Sisi wa Kyela tunaishi kwenye kichwa cha Ziwa Nyasa. Ukivuka mto Songwe pale Kasumulu, ukashuka mpaka Karonga, kisha ukakata magharibi kama kilomita 52, unafika Kayelekera, mahali ambapo mawe yanachimbwa na kusagwa kwa ajili ya tabia hiyohiyo ya chembe. Sasa chembe na ziwa vinakutana wapi? Twende polepole.

Sekondari wengi wetu tulichorewa kiini cha atomu kama fuko la gololi. Nyekundu ni protoni, nyeupe ni nyutroni, zimebanana, mchoro umekwisha, andikeni. Mchoro ule unafaa kwa mtihani, lakini unaficha uhondo wote. Ndani ya kiini hakuna aliyetulia. Kila protoni na kila nyutroni ina njia yake ya kuzunguka. Tena kuna sheria, ambayo Wolfgang Pauli aliitunga mwaka 1925 kwa ajili ya elektroni na ambayo inazibana protoni na nyutroni vilevile: chembe mbili za aina moja haziruhusiwi kuwa katika hali moja ileile. Moja ikishakaa, nyingine itafute pake.

Lakini kila njia ina pacha wake. Ni njia ileile, ila inakwenda kinyume. Fikiria wakimbiaji wawili kwenye uwanja mmoja, huyu anazunguka kulia, yule kushoto. Kila mzunguko lazima wapishane. Na kani inayozifunga chembe za kiini ni ya karibu sana, mithili ya harufu ya mbasa anayekaangwa kwenye kibanda: ukiwa jirani inakukamata, ukivuka barabara imekwisha. Kwa hiyo wanaokutana mara nyingi ndio wanaofaidi. Nyutroni mbili zilizo kwenye njia pacha hukutana kuliko wengine wote, zikashikana, na mizunguko yao ikafutana ikawa sifuri. Ndiyo maana kila kiini chenye protoni shufwa na nyutroni shufwa, kikiwa kimetulia, jumla ya mzunguko wake ni sifuri. Haijapatikana hata kesi moja ya kupinga.

Usiniamini mimi, iamini hesabu. Ukipima nishati inayotakiwa kung'oa nyutroni moja kutoka kwenye kiini, ukawa unaongeza nyutroni mojamoja na kupima tena, utapata mstari wa msumeno. Idadi ikiwa shufwa, kung'oa ni kazi. Idadi ikiwa witiri, ile isiyo na mwenzake inatoka kwa urahisi. Angalia pia viini vilivyo imara duniani, ambavyo ni kama 250. Zaidi ya nusu yao ni shufwa pande zote mbili. Vyenye witiri pande zote mbili ni vinne tu, vyote vidogo: hidrojeni 2, lithi 6, boroni 10 na nitrojeni 14, ukiacha hali moja ya ajabu ya tantali. Maumbile hayapendi witiri mara mbili.

Kwa nini? Hapo ndipo wajuzi wameumiza vichwa, na bado wanaumiza. Ukizitoa nyutroni mbili nje, ukaziacha peke yao, hazishikani. Zinakaribia, zinakosa kidogo tu, zinaachana. Lakini ndani ya kiini, katikati ya umati, wawili walewale wanashikana. Leon Cooper alionesha jambo hili mwaka 1956, akizungumzia elektroni za metali: mvuto hata uwe mdogo vipi unatosha kuwafunga wawili, mradi wawe juu ya umati ambao umekwisha jaza nafasi zote za chini. Mwaka 1957 Cooper, pamoja na John Bardeen na Robert Schrieffer, waliitumia hoja hiyo kueleza kwa nini metali fulani zikipozwa sana hupitisha umeme bila kizuizi chochote. Na mwaka 1958 Aage Bohr, Ben Mottelson na David Pines wakasema: jamani, hiki kinachotokea kwenye metali ndicho kinachotokea ndani ya kiini.

Kuna chanzo cha pili tena. Uso wa kiini si mgumu kama jiwe, unatikisika kama tone la maji. Nyutroni moja ikipita inausukuma uso, uso unapiga wimbi, na nyutroni nyingine inalihisi lile wimbi. Sisi watu wa ziwani tunalielewa hili bila mwalimu: mtumbwi wa kwanza umekwisha pita, lakini mtumbwi wa pili bado unayumba kwa ajili yake. Hesabu zilizofanywa Milano, Italia, zilionesha kwamba karibu nusu ya mshikamano unatokana na mvuto wa moja kwa moja, na sehemu iliyobaki inatokana na mawimbi hayo. Wengine wanagawa kwa namna nyingine. Mabishano yanaendelea.

Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilikumbuka habari za wazee wetu. Monica na Godfrey Wilson, waliokaa Unyakyusa miaka ya 1930, waliandika jinsi vijana wa rika moja walivyokuwa wakitoka kwa baba zao wangali wadogo, wakajenga kijiji chao, wakala pamoja, na baadaye wakaoa wakiwa humohumo. Mtu alijulikana kwa wenzake. Wawili ambao peke yao wangegombana kwa siku moja, ndani ya rika walivumiliana miaka. Linavutia, si ndiyo? Lakini nitaliacha hapo, na sababu nitaieleza baadaye, maana sisi waandishi chipukizi tuna ugonjwa wa kulinganisha kila kitu na kila kitu.

Sasa tuingie kwenye jiwe. Urani inayotoka ardhini ni ya aina mbili hasa. Katika atomu 1,000, kama 993 ni urani 238 na 7 tu ni urani 235. Zote zina protoni 92, yaani jozi 46. Tofauti iko kwenye nyutroni. Ile 238 ina nyutroni 146, jozi 73 kamili, hakuna aliyebaki. Ile 235 ina nyutroni 143: jozi 71 na mmoja hana mwenzake. Nyutroni ngeni ikiingia kwenye urani 238, inakuwa mpweke mpya, na nishati inayotoka ni kama 4.8 kwa kipimo cha megaelektronivolti. Ikiingia kwenye urani 235, yule mpweke anapata mwenza, na nishati inayotoka inapanda mpaka kama 6.5. Ili kiini kipasuke panahitajika karibu 6. Basi, habari ndiyo hiyo. Nyutroni ya mwendo wa pole haitoshi kuipasua 238, lakini inaipasua 235 bila shida, kwa sababu tu kulikuwa na nafasi moja ya mwenza ndani yake. Kiini kinagawanyika, kinatema nyutroni nyingine mbili au tatu, nazo zinaendeleza kazi. Ukizitawala unapata umeme, kama wa kituo cha Koeberg karibu na Cape Town, kilichoanza kuzalisha mwaka 1984. Ukiziacha zikimbie unapata Hiroshima.

Ukizipanga tarehe, swali langu la mwanzo linaanza kung'ata. Urani ilipasuliwa Berlin mwishoni mwa 1938. Mapema 1939 Niels Bohr, baba yake yule Aage, aliona kwamba anayepasuka kwa nyutroni za pole ni 235, na kwamba hesabu ya shufwa na witiri inahusika. Tarehe 6 Agosti 1945 kilo kama 64 za urani iliyochujwa zilidondoshwa juu ya Hiroshima, na zilizopasuka kweli hazikufika kilo 1. Kwa makadirio ya mji wenyewe, mpaka mwaka unakwisha walikuwa wamekufa watu kama 140,000. Maelezo ya kwa nini nyutroni hushikana mbilimbili yalikuja 1958. Miaka 13 baadaye! Baba alikuwa ameiona tabia, mwana akaja kuieleza sababu, na katikati yao mji ukateketea. Mwana mwenyewe alikuwa na baba yake kule Los Alamos wakati bomu linatengenezwa.

Na sehemu kubwa ya urani ile ilitoka wapi? Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Union Minière. Mawe yalichimbwa na Wakongo, watu ambao lugha yao ya kazini ilikuwa Kiswahili, hichihiki ninachokuandikia. Tani 1,200 hivi zilikuwa zimekwisha fika New York mwaka 1940, zikalala ghalani zikisubiri mnunuzi. Waliozichimba hawakuelezwa zinakwenda kufanya nini.

Mtu anaweza kuruka hapa na kusema: umeona? Dhambi yao ni kutumia nguvu kabla ya kuielewa. Wangesubiri mpaka 1958! Jibu hili ni tamu, na vijana tunalipenda kwa kuwa linawapa ushindi wasomi. Lakini halisimami. Nitaonesha kwa chungu.

Kule Ikombe, ng'ambo ya Matema, chini ya milima ya Livingstone, wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu. Wanavichoma kwa moto wa wazi, si kwa tanuri la kiwandani, kisha vinapakiwa mitumbwini na kuletwa kuuzwa. Siku moja ya soko Lyulilo, siku ya Jumamosi, nilimwamkia mama mmoja aliyekuwa amepanga vyake mchangani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Chagua."

Nikamwuliza kwa nini chungu hakirudi kuwa matope kikinyeshewa na mvua, wakati jana yake kilikuwa matope. Akaniangalia kama anayepima iwapo nina akili sawasawa.

"Moto umekula maji yake," akasema.

"Maji gani tena, mama? Si kilikuwa kimekauka juani?"

"Yale ya ndani. Jua haliyafikii."

"Na kikija kupasuka kwa mtu nyumbani?"

"Jumamosi si nipo hapa?"

Majibu haya mawili nimeyabeba mpaka leo. La kwanza lina ukweli kuliko yeye mwenyewe alivyohitaji: udongo wa mfinyanzi ukifika joto la nyuzi kama 500 au 600 hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, na baada ya hapo hakuna mvua inayoweza kuurudisha. Lakini wanawake wa Ikombe wamekuwa wakifinyanga kabla ya mtu yeyote kuandika habari hiyo kwenye kitabu cha kemia. Walitumia kabla ya kueleza. Tutawaita wakosefu? Mkulima wa mpunga wa Kyela naye hakungoja sayansi ya mizizi ndipo apande. Binadamu angengoja kuelewa ndipo atumie, hata ugali usingepikwa. Kwa hiyo kutojua sababu, peke yake, si dhambi.

Sasa geuza upande wa pili. Tuseme mwaka 1945 wale mabwana walikuwa na maelezo yote ya 1958 mkononi. Njia pacha wanazijua, mawimbi ya uso wanayajua, hesabu zote safi. Je, bomu lisingedondoka? Lingedondoka vilevile, pengine mapema zaidi. Kujua kwa nini nyutroni inapenda mwenza hakukuambii umwue nani na umwache nani. Kwa hiyo kujua sababu, peke yake, si wema pia.

Mfano halisi upo. Joseph Rotblat alikuwa mwanafizikia kule Los Alamos. Mwishoni mwa 1944, ilipodhihirika kwamba Ujerumani haitengenezi bomu, alifunga virago akaondoka. Kuhusu nyutroni zinavyoshikana hakujua zaidi ya wenzake aliowaacha. Mwezi Juni 1945 wanasayansi wengine wakiongozwa na James Franck waliandika ripoti ya kuishauri serikali ya Marekani isilidondoshe bomu juu ya Japani bila onyo, kwanza lioneshwe mahali pasipo na watu. Nao walikuwa na fizikia ileile ya wenzao. Wote hao elimu yao ilikuwa moja. Kilichowatofautisha ni kwamba baadhi yao waliwaona watu watakaokuwa chini siku hiyo, na wakajiona wenyewe wakitakiwa kuwajibu.

Hapo ndipo jibu la pili la yule mama linapoingia. Jumamosi si nipo hapa? Hakusema "mimi ni mtaalamu." Hakusema "vyungu vyangu havipasuki." Amesema anapatikana. Chungu kikimwagia mtu mboga jikoni, mtu huyo anajua siku, anajua mahali, anajua sura. Anakuja na vigae vyake mkononi. Na mfinyanzi, akijua kwamba anapatikana, anachagua udongo kwa makini wiki nzima. Uadilifu wake haukutoka kwenye kemia, ulitoka kwenye Jumamosi.

Basi haya ndiyo maoni yangu, na ninayatoa ili yapigwe mawe: mtu anaruhusiwa kutumia asichokielewa kwa kadiri anavyopatikana na yule atakayeumia kikiharibika. Kadiri unavyokuwa mbali naye, ndivyo deni lako la kuelewa linavyopanda. Na ukiwa mbali kiasi kwamba hawezi kukupata kabisa, basi hata uelewe vipi, bado huna ruhusa mpaka utengeneze njia ya yeye kukupata.

Sasa turudi Songwe. Mgodi wa Kayelekera ulifunguliwa mwaka 2009 na kampuni ya Paladin ya Australia. Mwaka 2014 ulisimamishwa kwa kuwa bei ya urani ilikuwa imeporomoka baada ya ajali ya Fukushima ya 2011. Mwaka 2020 ukabadili mwenyewe, ukachukuliwa na kampuni ya Lotus, ya hukohuko Australia, na mwaka 2025 uzalishaji ukaanza tena. Maji ya eneo lile yanashukia mto Sere, kisha Rukuru ya Kaskazini, kisha ziwani. Sisemi kwamba ziwa limeharibiwa, na asije mtu akaninukuu hivyo. Nasema jambo la kawaida la ufundi huu: jiwe la urani likisagwa na urani ikichukuliwa, kama asilimia 85 ya mionzi iliyokuwa ndani ya jiwe hubaki kwenye masalia. Ndani ya masalia hayo kuna thori 230, ambayo huchukua miaka kama 75,000 kupungua nusu, na radi 226, ambayo huchukua miaka 1,600. Masalia hayo hayauzwi, hayasafirishwi. Yanabaki bwawani, juu ya mto, juu ya ziwa.

Na ziwa letu si mto wa kupitisha uchafu ukaenda zake. Lina kina cha kama mita 700. Maji yanayoondoka kwa mvuke ni mengi kuliko yanayotoka kwa mto Shire. Kinachoingia hakina haraka ya kutoka. Nchi tatu zinalichota: Tanzania, Malawi na Msumbiji. Mbasa hapandi mto kwa kibali cha uhamiaji. Songwe wenyewe, mto wa mpaka, ukifurika unahama njia, na mtu analala Tanzania anaamka shamba lake liko Malawi. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule wanasikilizana lugha, wanaoleana, wanazikana.

Kwa kipimo cha Jumamosi, hapo pana tatizo kubwa, na halihusu ubaya wa mtu yeyote. Mgodi huishi miaka kumi, ishirini. Kampuni huuza na kununua, hilo ni jambo la kawaida la biashara. Radi inaishi miaka elfu na zaidi. Mfinyanzi gani atakuwepo sokoni Jumamosi ya mwaka 3600?

Nimewahi kulitupa suala hili kijiweni, na majibu yalikuwa makali. Mshikaji mmoja akasema: "Wewe unaogopa nini? Vijana wa Karonga wanapata kazi, na dunia inataka umeme. Unataka tuendelee na kuni?" Hoja hii siidharau. Umeme ni dawa ya mambo mengi, na ile nyutroni mpweke inawasha taa kama inavyochoma mji. Mwingine akasema: "Hayo ni mambo ya wazungu, sisi tuachie mpunga na kakao." Hii sikubaliani nayo hata kidogo. Waliochimba Shinkolobwe nao waliambiwa ni mambo ya wazungu. Na sisi wenyewe tunao mradi wa urani wa Mto Mkuju kule Namtumbo, mkoani Ruvuma, ambao kwa ajili yake mpaka wa Pori la Selous kwenye orodha ya urithi wa dunia ulirekebishwa mwaka 2012. Mambo haya ni yetu, tukitaka tusitake.

Wa tatu, ambaye huongea kidogo, aliniuliza swali lililonikaba: "Haya, kama hakuna atakayepatikana mwaka 3600, ina maana hakuna kuchimba kabisa? Basi na wewe usipande mti, kwa kuwa hutakuwepo ukimwangukia mtu."

Nilitafuna hili kwa siku kadhaa. Jibu ninaloweza kulitetea ni hili. Mti unaonekana. Anayepita chini yake anauona umezeeka, anaukwepa au anaukata. Masalia ya urani hayatoi harufu wala rangi, kwa hiyo asiyeambiwa hawezi kujikinga. Pale ambapo mtu hawezi kubaki, lazima abakishe vitu vitakavyopatikana badala yake. Fedha iwekwe pembeni kabla ya jembe la kwanza, isitegemee kampuni kuwa hai. Maji ya mito na ya ziwa yapimwe, na matokeo yabandikwe mahali watu wanaponunua samaki, kwa lugha wanayosoma, si yafungiwe ofisini kwa Kiingereza. Pawe na mtu wa kuulizwa pande zote mbili za Songwe, si upande mmoja kumsukumia mwenzake. Ukitimiza hayo, umejitengenezea Jumamosi ya bandia. Si kamili, lakini ni Jumamosi. Usipotimiza, hata ukiwa na madaktari kumi wa fizikia, umeuza chungu usiku na kukimbia.

Sasa ile sababu niliyoahidi, kwa nini niliacha kulinganisha nyutroni na rika za Wanyakyusa. Ni kwa kuwa mfano kama ule haukomi. Leo nitasema nyutroni zinashikana ndani ya umati, kwa hiyo vijana tushikamane. Kesho mwingine atasimama harusini aseme maumbile yenyewe yanakwenda wawili wawili, kwa hiyo dada yetu ambaye hajaolewa ana kasoro. Keshokutwa wa tatu ataleta urani 235 kuthibitisha kwamba mpweke ni hatari kwa jamii. Wote watakuwa wamepata makofi, na wote watakuwa wamemtwisha mtu hai mzigo wa chembe isiyo na habari naye. Kiini cha atomu hakijui harusi. Kinashikana kwa sababu ya njia pacha, kani ya karibu na wimbi la uso, basi. Wajibu hautoki mle ndani. Unatoka kwetu, pale mtu mmoja anapoweza kumwambia mwingine: hiki kimeniumiza, nawe ndiye uliyeniuzia.

Na sisi tunaoanza kuandika tumo kwenye mizani hiyohiyo. Neno nalo tunalitumia bila kujua lote lilikotoka wala litakakofikia. Hatutaacha kuandika kwa sababu hiyo, kama yule mama asivyoacha kufinyanga. Lakini ukiandika habari za watu wa Ikombe, au Karonga, au Shinkolobwe, jiulize kama unaweza kukaa mchangani mbele yao, andiko lako limepangwa wazi, wakija na vigae.